Saa Iliyorudishwa kwa Mkono

"Mwaka huu nyumbani kwenu mnafuata saa ya nani, Yamina? Ya Mungu au ya serikali?"

Tamimount aliuliza hivyo kutoka juu ya paa lake, akianua nguo, Jumapili ile ya mwisho kabla ya Ramadhani. Kati ya paa lake na paa la Yamina pana ukuta mfupi unaofika kiunoni, na mambo mengi ya nyumba hizi mbili za Berkane yamepita juu ya ukuta huo: vitunguu, habari za misiba, watoto wachanga wakipokezwa, na bakuli la udongo la Yamina lenye maua ya kijani. Bakuli hilo lilikuwa likienda na kurudi mwaka mzima, na halikurudi tupu hata mara moja. Likikosa supu lina tende, likikosa tende lina konzi ya lozi.

"Sisi tunafuata saa ya Mimoun," Yamina akajibu. "Tangu asubuhi anazunguka na kigoda. Ya jikoni kairudisha, ya sebuleni kairudisha, hata ile ya marehemu mama yake isiyotembea, nayo kairudisha."

"Isiyotembea ndiyo haimdanganyi mtu." Tamimount akacheka. "Akimaliza aje airudishe na ya mume wangu. Huyo hata mwezi hajui ni upi."

Alisema kwa mzaha, na Yamina akacheka kidogo tu, kwa adabu. Boujemaa, mume wa Tamimount, alipigwa na kiharusi akiwa juu ya ngazi shambani, na tangu hapo yu kitandani. Nyumba ile inakula kwa mshahara wa binti yao Loubna, karani wa mizani kwenye kituo cha kufungashia machenza. Kazi hiyo alitafutiwa na Mimoun, mume wa Yamina, ambaye naye yuko kituo hicho hicho. Tamimount hakuwahi kulisahau jambo hilo. Kila sikukuu, sahani ya kwanza ya biskuti ilivuka ukuta.

Kwetu Morocco saa hukaa mbele mwaka mzima kwa amri ya serikali, na Ramadhani ikikaribia hurudishwa nyuma saa moja. Mfungo ukiisha, husogezwa tena. Watu hulalamika mara mbili kwa mwaka. Mimoun halalamiki. Aliingia kituoni akiendesha mashine ya kunyanyulia makreti, akajifunza kompyuta kwa kusimama nyuma ya waliokuwa wakizitengeneza, na hatimaye akaachiwa zote azitunze. Kurudisha saa za kituo ilikuwa ni sherehe yake. Mafundi wengine walikuwa na vyeti. Yeye alikuwa na siku hiyo.

Kwa hiyo baada ya alasiri alikwenda kituoni na kigoda chake. Akairudisha saa ya getini, ya ukumbi wa kufungashia, na ya mashine ya kugongea kadi. Kompyuta nyingi alizikuta zimeshajirudisha zenyewe. Seva mpya, sanduku jeusi lililoletwa kutoka Casablanca majuzi tu, ilikuwa bado mbele. "Wewe mgeni, hujui desturi," Mimoun akaiambia, akaishika saa yake na kuirudisha kama zilivyo nyingine. Akafunga mlango, akaenda kusali.

*

Seva ya zamani ilikuwa imechoka. Mhandisi Anouar wa Casablanca alipoleta hii mpya aliiweka kando ya ile ya zamani, zote mbili zikawa na majina ya wafanyakazi wale wale na maneno yao ya siri, kama mabawabu wawili wa jengo moja. Mtu akitaka kufungua folda ya pamoja, yule wa mlango mmoja anampa tikiti, na yule wa mlango wa pili anaikagua. "Hii ya zamani tutaistaafisha polepole," Anouar alisema. "Tunaanza na chumba cha mizani, wengine watafuata."

Jumatatu asubuhi malori ya wakulima yalikuwa yameshapanga foleni Loubna alipomwita.

"Ami Mimoun, njoo uone. Folda imenifungia mlango."

Kweli, kioo kilisema hana ruhusa. Uzito wa mkulima ulikuwa unaandikwa kwenye folda ile. Ofisini waliusoma hapo hapo, wakachapa karatasi za lori la kwenda bandarini Nador. Bila folda, machenza yanakaa, na machenza hayajui kusubiri.

Mimoun akabadilisha waya. Akazima, akawasha. Akamwambia Loubna aandike upya neno lake la siri, akaandika. Akamwambia aandike tena, polepole. Akaandika tena na tena, mpaka mashine ikalifungia na jina lenyewe kwa sababu ya majaribio mengi.

"Vipi huko ndani?" mkulima mmoja akapaza sauti dirishani. "Ramadhani bado, kompyuta yenu imeshaanza kufunga?"

"Inalipa saumu za mwaka jana," mwingine akamjibu, na foleni nzima ikacheka.

Jilali, mhasibu, alikuwa akiifungua folda ile ile mezani kwake bila shida. Saa moja baadaye naye ikamkatalia, kisha ikamkubali. Mimoun alikwenda na kurudi kati ya vyumba viwili mpaka shati likamganda mgongoni. Hajawahi kuona ugonjwa wa namna hii, ugonjwa unaochagua mtu.

Bwana Tarik alikuja mwenyewe. Ni kijana wa mwenye kituo, amesoma nje, na katika mikutano miwili iliyopita alisema mbele ya watu kwamba siku hizi mashine zinatunzwa kwa simu kutoka Casablanca, hakuna haja ya mtu kukaa nazo. Mimoun alikuwepo kwenye mikutano hiyo, akigawa chai.

"Nani anatumia mashine hii?"

"Mimi, bwana," Loubna akasema.

"Jumamosi ilifanya kazi?"

"Ilifanya."

"Basi mtu kafanya kitu. Mimoun, ni nini?"

Jibu la kweli lilikuwa "sijui". Mimoun aliitazama saa ya ukutani, akaitazama mikono ya Bwana Tarik iliyokuwa imekwisha kushika simu, na namba ya Casablanca pengine ilikuwa juu kabisa humo.

"Inawezekana," akasema, "binti amegusa kitu."

Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Loubna akageuka kumtazama. Hakukanusha, maana alidhani ami yake ana maana fulani ya kiufundi ambayo ataieleza. Mimoun hakueleza.

"Amegusa nini?" Bwana Tarik akauliza. Akaufunga mlango. Msimu ule kulikuwa na maneno kwamba kuna mtu anapeleka uzito na majina ya wakulima kwa mnunuzi mwingine. Hayakuwa na mwenyewe maneno hayo, lakini yalikuwepo. "Binti, umegusa nini kwenye folda?"

"Sijagusa kitu. Naandika uzito tu."

"Sawa. Nenda nyumbani kwanza. Tutakuita."

"Nyumbani, bwana? Kuna malori."

"Tutakuita."

Loubna alivua koti jeupe la kazi, akalitundika kwenye msumari wake. Ilimbidi apite mbele ya foleni yote ya wakulima kulifikia geti. Yule wa mzaha wa kufunga aliuliza, "Na huyu naye amekataliwa ruhusa?" Mara hii waliocheka walikuwa wachache.

*

Mwezi ukaandama, na mfungo ukaanza Alhamisi. Kituoni Jilali alihamishiwa mizani, na folda ikamkatalia vile vile. Mtu mwenye akili yake angeona hapo kwamba Loubna hana hatia. Bwana Tarik aliona jambo jingine: "Kumbe ameharibu mashine yenyewe." Jilali akawa anabeba uzito kwenye flashi kutoka chumba hadi chumba, mdomo mkavu, akihesabu hatua zilizobaki kufika magharibi. Malori mawili yalikosa meli.

Mimoun naye alikuwa akimpigia simu mhandisi Anouar, na simu iliita mpaka ikakatika. Casablanca nako watu wamefunga.

Futari ya kwanza Yamina alipika supu ya harira tangu mchana, akaweka na dengu nyingi kama anavyopenda Boujemaa. Akajaza bakuli la maua ya kijani. Kila mwaka ni Loubna anayelipokea juu ya ukuta, akisema, "Mama Yamina, hii ni ya leo au ya mwezi mzima?" Yamina alipanda paani akangoja. Hakuna aliyetoka. Akashuka, akavaa jilbabu, akazunguka kwa mlango wa mbele.

Tamimount alifungua mlango nusu.

"Ramadhani njema, dada," Yamina akasema. "Nimewaletea."

"Mungu akuongezee." Akalipokea bakuli kwa mikono miwili, kama inavyopaswa. Hakusema karibu.

"Loubna yuko wapi? Sijamwona juu."

"Yupo ndani. Aende wapi? Akienda dukani mwenye duka anamuuliza, 'Nasikia mizani mlikuwa mnaichezea?' Mke wa mwokaji amemuuliza kama ni kweli aliuza majina ya watu." Tamimount aliongea bila kupandisha sauti. "Yamina, nikuulize wewe. Mwanangu ameniambia neno alilolisema mumeo. Nimemwambia umesikia vibaya, Mimoun hawezi kusema hivyo, wewe ni mtoto wake. Amesikia vibaya?"

Yamina hakujua lolote. Mumewe alimwambia tu kwamba kuna tatizo kituoni na kwamba Loubna amepumzishwa. Akasimama pale mlangoni, azana ikaanza, na wanawake wawili hawa wakawa hawana budi kuachana.

Nyumbani Mimoun alikuwa ameshika tende mkononi, ameshaisoma dua. Yamina akakaa, akafungua saumu kwa maji, akamwachia anywe supu yake. Kisha akauliza:

"Nani alisema Loubna amegusa kitu?"

"Lilikuwa neno tu."

"Neno la nani?"

"La kwangu. Nilisema inawezekana. Kusema inawezekana si kusema ndiyo."

"Mtu akiniuliza kama wewe ni mlevi, nikasema inawezekana, utanishukuru?"

Mimoun aliweka kijiko chini. "Ulitaka niseme nini? Niseme sijui? Siku nikisema sijui, kesho yake kazi inakwenda Casablanca. Chumba cha mtoto kule Oujda utakilipa wewe?"

Binti yao anasoma uuguzi Oujda, na chumba chake hulipwa kila mwanzo wa mwezi. Yamina akamsogezea sahani. Wakala karanga na vitumbua vya asali kama wageni waliokutana msikitini.

Siku ya pili ya mfungo bakuli halikurudi. Siku ya tatu pia.

*

Anouar alipokea simu Jumamosi, karibu na adhuhuri, sauti nzito ya mtu aliyelala baada ya daku.

"Mzee Mimoun, Ramadhani njema. Nimeona umenitafuta. Kuna nini, seva imeungua?"

"Afadhali ingeungua. Folda ya pamoja inakataa watu. Chumba cha mizani kabisa, ofisini mara inakubali mara inakataa."

"Waya?"

"Nimebadilisha wote."

"Ukiita seva kwa jina lake inakataa. Iite kwa namba yake. Andika namba badala ya jina, nangoja."

Mimoun akaandika. Folda ikafunguka mara moja, na ndani yake uzito wote wa Jumamosi iliyopita, kama vile haukuwahi kufichwa.

"Imefunguka!"

"Mm," Anouar akasema. Sauti yake haikuwa na usingizi tena. "Kwa namba haiombi tikiti, inauliza neno la siri tu. Kwa jina inaomba tikiti. Basi waya zako nzima na ruhusa ziko sawa. Tikiti ndiyo inakataliwa. Niambie, saa za seva zinasemaje?"

"Zote mbili sawasawa. Nilizihakikisha mwenyewe."

"Ulizihakikisha vipi?"

"Ile ya zamani ilijirudisha. Hii mpya ilikuwa bado mbele, nikairudisha."

"Kwa mkono?"

"Kwa mkono. Kila Ramadhani narudisha kwa mkono."

Upande wa pili Anouar alisikika akiinuka kitandani.

"Sikiliza, Mzee Mimoun. Mashine ina saa mbili. Ya nje ndiyo unayoiona. Ya ndani ni moja kwa dunia nzima, haijui Ramadhani wala Morocco. Ramadhani ikija, inabaki vile vile ndani, inakupunguzia wewe nje. Hii mpya haikupunguza, ukaipunguza wewe, lakini ulichokishika ni ile ya ndani. Kwa hiyo nyuso zao zinafanana, ndani wamepishana saa moja nzima. Huyu anatoa tikiti, mwenzake akiisoma anaona imeandikwa kwa saa isiyokuwa sasa, anasema huyu mwizi. Hiyo ni kinga, haina ubaya. Wakipishana dakika chache tu inatosha kukataa."

"Lakini miaka yote..."

"Miaka yote ulikuwa na bawabu mmoja. Angegombana na nani?"

Mimoun alikaa kwenye kigoda chake, kile kile cha kurudishia saa. Anouar akamwongoza hatua kwa hatua: airejeshe ile saa, apakue taarifa ya Ramadhani ambayo seva haikuwa nayo, azime, awashe, angoje. Wakangoja wote wawili, kila mmoja upande wake wa simu. Kisha Mimoun akaenda chumba cha mizani, akaiita folda kwa jina lake. Ikafunguka. Jilali, mkavu wa mdomo, akasema "Alhamdulillahi" na kuitupa flashi kwenye droo.

"Mimi nami nina kosa," Anouar akasema kwenye simu. "Niliondoka bila kuipa ile taarifa ya Ramadhani. Wakijua, wewe utaulizwa na mimi nitaulizwa, na bosi wangu si mtu. Kwenye ripoti nitaandika hitilafu ya mtandao. Nawe sema mtandao. Wakisikia mtandao hawaulizi zaidi."

"Kuna binti amerudishwa nyumbani kwa jambo hili."

"Amefukuzwa?"

"Hapana. Wamesema watamwita."

"Basi watamwita," Anouar akasema, na kwake jambo likaishia hapo.

*

"Kwa hiyo ilikuwa nini?" Bwana Tarik aliuliza.

Koti jeupe lilikuwa bado kwenye msumari, nyuma ya kichwa chake.

"Mtandao, bwana."

"Mtandao." Bwana Tarik akatikisa kichwa kama aliyeelewa. "Vizuri. Umefanya kazi nzuri na Anouar. Na huyu binti?"

Mimoun alifungua mdomo. Bwana Tarik akaendelea mwenyewe:

"Naona tumwache mpaka baada ya Idi, tuone. Msimu wenyewe unakwisha, Jilali ameshaizoea mizani. Na yale maneno ya mnunuzi, sijui kama ni kweli, lakini penye moshi..." Akapunga mkono. "Nenda ukapumzike. Sura yako imekauka."

Mimoun akaenda. Alisali alasiri msikitini, akabaki pale akiegemea nguzo, kisha akarudi nyumbani, na Yamina alimkuta amesimama jikoni, ameitoa saa ukutani, ameishika kwa mikono miwili anaitazama nyuma, pale penye kitufe.

"Imeharibika?"

"Haijaharibika."

"Basi irudishe mahali pake, nataka kujua muda wa kuweka mkate." Akamtazama vizuri. "Mashine zimepona, si ndiyo? Mke wa Jilali ameniambia sokoni. Kasema ni mtandao."

Mimoun akakaa kwenye mkeka, saa mapajani, akamweleza. Alieleza yote, hata habari ya bawabu na tikiti, na Yamina aliyekuwa akikanda unga hakumkatiza. Alipomaliza, mikono ya Yamina ilikuwa imetulia ndani ya sinia.

"Ni wewe," akasema.

"Ni mimi. Lakini sikujua, Yamina. Wallahi sikujua."

"Jumatatu hukujua. Leo unajua."

"Nikisema, watanitoa."

"Pengine."

"Na chumba cha mtoto?"

"Nitashona. Nitauza mikate mlangoni kama mama yangu. Sijui, Mimoun, usinilazimishe nikupigie hesabu." "Yule msichana alikuwa akikaa hapa unapokaa, unamfundisha kujumlisha. Watu wanamwita mwizi dukani. Tangu alfajiri hujatia hata tone la maji mdomoni kwa ajili ya Mungu, halafu neno dogo namna hii limekushinda kulitoa?"

"Si dogo."

"Kama si dogo, ulilisema vipi kwa wepesi ule Jumatatu?"

Akarudi kwenye unga. Mimoun akasimama, akaitundika saa. Ilining'inia upande, na hakuna aliyeinyoosha.

*

Jumapili kituo hufungwa. Jumatatu Mimoun hakupita chumba cha mashine kwanza kama kawaida yake. Alimkuta Bwana Tarik kwenye ngazi.

"Bwana, haukuwa mtandao. Niliirudisha saa ya seva kwa mkono. Ni mimi niliyeifungia folda. Binti hakugusa kitu."

Bwana Tarik alicheka. Alicheka kweli, kwa furaha, akashika ukingo wa ngazi. "Kwa mkono? Ukapanda na kile kigoda chako?" Halafu cheko likapungua likaisha. "Na malori yangu mawili yaliyobaki bandarini?"

"Ni mimi."

"Ungeniambia Jumatatu ile ningekusamehe papo hapo. Ningekucheka tu."

Mimoun alijua kwamba hilo si kweli, lakini hakuwa tena mtu wa kubishana juu ya kweli.

Loubna akaitwa. Alikuja na jilbabu ya kijivu, macho chini, na Bwana Tarik akamweleza mbele ya Jilali na makarani wawili kwamba lilikuwa kosa la kiufundi, limeshapatikana, arudi kazini. Hakusema kosa la nani. Mimoun akalisema yeye.

"Ni mimi, mwanangu. Nilirudisha saa, nikavuruga. Na nilisema neno ambalo sikuwa na haki nalo. Nisamehe."

Wote wakamtazama Loubna. Ni Ramadhani, na mtu mzima ameomba msamaha mbele za watu. Kila mmoja pale alijua jibu linalotakiwa, na walilingoja.

"Zile siku nilizokaa nyumbani," Loubna akamuuliza Bwana Tarik, "zitalipwa?"

"Tutaangalia."

"Naomba uangalie sasa, bwana. Dawa za baba zimekwisha tangu Ijumaa."

Jilali akakohoa. Bwana Tarik akamwambia Jilali aziandike siku hizo, kisha akamgeukia Mimoun na kunyoosha mkono. "Ufunguo wa chumba cha mashine. Kuanzia leo Anouar atazishughulikia kutoka kwao. Wewe utarudi kwenye makreti, mshahara tutauzungumza." Alipoupokea ufunguo akaongeza, pengine kwa kutaka kuwa mwema, "Saa za ukutani endelea nazo."

Loubna alichukua koti lake kwenye msumari, akalikung'uta vumbi, akalivaa na kufunga vifungo vyote. Akaenda mizani. Nje mkulima akamwita, "Ah, umerudi! Tulikukosa!" naye akamwambia asogeze lori.

*

Jioni ile Yamina alitandaza kitambaa, akaweka tende, mayai, harira, mikate ya sufuriani. Mumewe alikuwa ameoga, harufu ya dizeli ya mashine ya makreti bado imo mikononi. Alikuwa amemweleza yote, ufunguo na makreti na saa za ukutani, na Yamina alimwambia "umefanya vizuri", akamwekea mto mgongoni. Alikuwa amejaza sufuria ya harira zaidi ya wanavyoweza kula watu wawili. Bakuli hakuwa nalo, alikuwa ametayarisha jingine, la bati.

Mlango ukagongwa kabla ya azana. Alikuwa Tamimount, mwenyewe, si Loubna.

"Karibu, dada, karibu ndani!" Yamina akasema, na furaha ikaonekana usoni mwake kabla hajaweza kuizuia. "Keti tufuturu pamoja. Mwite na Loubna. Mimoun, sogea."

Mimoun alikuwa ameshasimama. "Tamimount," akasema, "mimi leo asubuhi nilisema mbele ya watu wote..."

"Ameniambia," Tamimount akasema.

Alikuwa na kitu chini ya shuka aliyojitanda. Akakitoa, akakiweka katikati ya kitambaa, kati ya tende na mayai: bakuli la maua ya kijani. Lilikuwa limesuguliwa likang'aa, limekaushwa vizuri, na ndani yake hamkuwa na kitu.

"Bakuli lenu," akasema.

Yamina alilitazama bakuli, kisha akamtazama yeye, na mkono wake ukaenda kwenye upawa wa harira. Msikitini mtu akagonga kipaza sauti kujaribu kama kinasikika. Tamimount akakusanya shuka yake, akafungua mlango, akatoka.